Mwali Kwenye Taa za Mto

Wanawake wa ofisini kwetu wamegundua mafuta ya nyonyo. Wanapaka nywele, wanapaka nyusi, kuna mmoja anapaka hadi kope, na kila asubuhi nikifika nakuta chumba kizima kinanuka hayo mafuta. Nafungua dirisha. Wananitania kwamba najifanya wa kishua, sitaki vitu vya asili. Ningewaambia kwamba mimi hayo mafuta nimepakwa mwili mzima, asubuhi na jioni, kwa wiki saba, ndani ya chumba kisicho na dirisha la kufungua. Lakini hiyo si habari ya kumsimulia mtu aliyeshika kikombe cha chai, kwa hiyo nacheka nao na dirisha naliacha wazi.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kufaulu, barua ya kujiunga na kidato cha kwanza shule ya bweni imekuja, na mama ameshaninunulia sanduku la bati la rangi ya bluu. Wiki hiyo hiyo nikavunja ungo. Kwetu Waluguru, hata sisi ambao wazee wetu walishuka mlimani zamani wakajenga mjini Morogoro, msichana akifika hapo huwekwa ndani. Huitwa mwali. Hatoki, hapigwi na jua, haonwi na mtu ila kungwi wake na wanawake wachache wa ukoo, mpaka siku atakapotolewa kwa ngoma, abebwe mabegani na mtaa mzima umtazame. Zamani mtu alikaa mwaka, hata miwili. "Siku hizi ni likizo tu," mama aliniambia huku akikunja nguo zangu za kutokea na kuzifungia kabatini. "Shule zikifunguliwa utakuwa umeshatoka."

Mwenye neno la kunitoa alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyebaki kijijini kule Matombo. Mtoto kwetu ni wa ukoo wa mama, na baba yangu, mwalimu mtu wa Singida aliyekuwa akifundisha Ngerengere na kurudi nyumbani Ijumaa, alilijua hilo tangu siku ya posa. Nilimsikia mara moja tu akiuliza sebuleni, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Na shule je?" Mama akajibu, "Tunamngoja kaka." Yakaishia hapo. Mjomba akipigiwa simu anasema atashuka wiki ijayo na ndizi na mbuzi wa ngoma. Wiki hiyo ikifika mvua imenyesha, barabara imekatika, anasema wiki ijayo. Shule zikafunguliwa. Asubuhi nasikia viatu vya wanafunzi vikipita nyuma ya ukuta wangu, na wengine nawatambua kwa namna wanavyoburuza miguu. Barua ilisema atakayechelewa zaidi ya wiki mbili nafasi yake atapewa mwingine. Niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo.

Kungwi wangu alikuwa Bibi, mama yake mama, na hilo mama alinipa kama zawadi kubwa. Bibi alikuwa kungwi wa mtaa mzima. Mwanamke akiwa na mwali anakuja kwetu na kuku mkononi, anavua kandambili mlangoni, anakaa chini kabla ya kuambiwa, anasema, "Shikamoo mama, nimekuja kukulilia." Bibi alikuwa na tabia ya kumwacha akae kidogo kabla ya kuitikia. Wali waliopita mikononi mwake walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyeharibikiwa. Hakuwa na shamba wala duka, hakujua kusoma. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake, na alitembea nayo barabarani bila haraka.

Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu. "Amka mke mwenzangu, tukupendezeshe." Ananipaka mafuta, ananisugua visigino, ananifundisha kukaa, kunyamaza na kuitikia wakubwa. Alikuwa mpole kwangu, nataka hilo lieleweke. Lakini chumba kilikuwa hatua nne kwa tatu, na nilizipiga hizo hatua mpaka mkeka ukalainika katikati. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye upenyo kati ya ukuta na bati. Nilikuwa nikiuangalia ule mstari ukitembea ukutani kutwa nzima, na ulipofika kwenye msumari wa kutundikia chujio la nazi nilijua ni alasiri. Kuna siku nililia kwa sababu mstari haukuja, kulikuwa na mawingu. Bibi akadhani tumbo linaniuma, akanichemshia mchaichai.

Ndipo zikaja taa.

Nilianza kuziona kwenye upenyo wangu kabla ya kuambiwa. Baada ya magharibi ukuta ukageuka wa kijani, ukawa wa zambarau, ukarudi kuwa giza, na kutoka upande wa mtoni nikasikia watu wakishangilia. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya mto, pale unapoingia mjini ukitoka mlimani, mahali ambapo mchana palikuwa pa kufulia nguo na kuoshea pikipiki. Nikajikunja kwenye kona. Pili, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa na miaka tisa na ruhusa ya kuniletea uji, alinikuta hapo.

"Dada! Kuna watu wa sanaa wameweka taa mtoni kote. Kuna mawe ukiyakanyaga yanawaka! Mimi nimewasha ya kijani."

"Na mwenzako je?"

"Asha kawasha nyekundu. Baba Asha kawasha bluu mpaka kaogopa."

Kutokana na maneno hayo nikaelewa kwamba kila mtu ana rangi yake, na mto unaijua. Kumbe kila jiwe lilikuwa na rangi yake na ukihama jiwe unahama rangi, lakini Pili hakulisema hilo na mimi sikuwa na namna ya kujua. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikilala chali nikiwataja watu ukutani. Kijani, huyo Pili. Bluu, baba Asha amerudi tena, hana kazi ya kufanya. Ikija rangi nisiyoijua nilikuwa naumia, naona kuna mtu mpya amefika na mimi bado. Nilitaka kujua mimi ni rangi gani. Hilo lilinikaa kichwani kuliko hata njaa.

Pili aliniletea mengine. Miti ya kandokando imezungushiwa taa, ukipiga makofi zinabadilika. Na kwenye kidaraja cha miguu kumechorwa duara jeupe, mtu mmoja akisimama katikati yake taa zote za mto zinawaka kwa pamoja, nyeupe, toka juu mpaka chini. Akitoka zinazimika. "Watu wanapanga foleni dada. Wanakuja mpaka wa Mzumbe, wale wa chuo kikuu. Lakini zinaondolewa Jumapili." Siku mbili baada ya Jumapili ndiyo ilikuwa mwisho wa barua yangu.

Siku ileile jioni, Bibi akiwa ananipaka mafuta mgongoni, alinisimulia kisa cha kunitisha. Kulikuwa na mwali mmoja, kungwi wake mzembe, fundi wa kuezeka akapanda juu ya paa kuangalia bati akamwona. Mwanamume, jua kali, kamwona vizuri kabisa. "Wakafanyaje, bibi?" nikauliza. "Wangefanyaje tena? Kuonwa kashaonwa. Walimtoa siku ya pili yake, bila ngoma, bila chochote, kama mtu anayetoka chooni." Akanigeuza anipake mikono. "Na yule kungwi hakuitwa tena popote. Mpaka anakufa watu wanamsalimia kwa mbali." Alilitikisia kichwa lile jambo kana kwamba lilitokea jana.

Yeye alinipa kile kisa kama komeo, mimi nikakipokea kama ufunguo. Nilisikia nusu ya kwanza tu: walimtoa siku ya pili yake. Kwa hiyo kinachomtoa mwali si mjomba, wala si mbuzi, wala si ngoma. Ni macho ya watu. Nikafikiri kitoto lakini nikafikiri hadi mwisho: nikisimama kwenye lile duara, taa zote za mto ziwake, watu wote wale waniangalie nilivyong'aa kwa mafuta na weupe wa kukaa ndani, watajua mara moja mimi ni nani. Patakuwa na kelele. Nitakuwa nimetoka na hakuna atakayeweza kunirudisha. Jumatatu nitakuwa shuleni. Bibi katika hesabu hiyo hakuwemo, naapa hakuwemo, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumamosi nilingoja isha. Mama alikuwa amekwenda kwenye kitchen party ya mwenzake wa kazini, baba wiki hiyo hakurudi kutoka Ngerengere, Pili yuko mtoni. Bibi alitandika mswala kwenye ukumbi, mlango wangu na mlango wa uani yote miwili ikiwa mgongoni kwake. Nilijua hawezi kukatisha swala kwa kitasa cha mlango. Aliponyanyuka rakaa ya pili nikapita nyuma yake kwa ncha za vidole, kanga ya kujifunikia ikinivuta miguuni. Alikuwa anasoma kwa sauti ya chini. Sauti ikasita, ikaendelea. Nikafungua mlango wa uani nikatoka.

Hewa ilinipiga mpaka nikakohoa. Wiki saba nilikuwa sijapigwa na upepo. Miguu ilikuwa imesahau mawe, nikashuka kwa kushika kuta za watu. Huku juu milima ilikuwa nyeusi na kule chini mto umejaa rangi, watu wengi kuliko niliowahi kuwaona pale hata siku ya Idi. Wauza mahindi, wanafunzi wa chuo, akina baba wamebeba watoto shingoni. Nilipita kwenye yale mawe. Nikakanyaga moja, likawaka njano. Nilisimama nikajitazama miguu, nimefurahi, njano. Hatua iliyofuata likawaka nyekundu na iliyofuata zambarau, nikaelewa, nikajisikia mjinga, nikaendelea.

Foleni ya kidaraja ilikuwa fupi. Zamu yangu ilipofika niliingia kwenye duara, nikashusha kanga kutoka kichwani mpaka mabegani.

Taa ziliwaka. Sijawahi kuona kitu kile tena. Mto wote ukawa mweupe, kila jiwe na kila jani, na povu la maji likaonekana hadi kule kwenye miamba. Watu wakapiga yowe. Nikafumba macho nikangoja ile kelele ya pili, ya kunitambua, mtu wa kwanza kusema *mwali!* Haikuja. Nikafumbua macho. Watu wote walikuwa wamenipa mgongo. Bila shaka walinipa mgongo: aliyesimama kwenye duara anawasha mto, na aliyekuja kuangalia anaangalia mto. Nilimwona mama muuza maandazi wa mtaa wetu, aliyenifahamu tangu nabebwa mgongoni, hatua tano tu kutoka kwangu, kisogo chake na kilemba chake.

"Jamani," nikasema.

"Shhh, tunarekodi," mtu akajibu bila kugeuka.

Nikataka kutoka. Pembeni yangu dada mmoja wa chuo, simu ameinyanyua juu, akanyoosha mkono kunizuia. "Mdogo wangu, usisogee! Ukitoka zinazimika. Ganda hapo hapo kidogo tu."

"Dada, mimi ni mwali," nikamwambia.

"Hongera, mrembo," akasema, jicho kwenye simu. "Lakini usisogee."

Nikaganda. Nimefungiwa wiki saba na watu wanaonijua, sasa nafungiwa na watu wasionijua, kwenye duara la hatua mbili kwa mbili. Sikumbuki ni muda gani. Nakumbuka wadudu wakinigonga usoni kwa sababu ya taa na mimi siwapungi, nikiogopa kuwaharibia watu picha. Mwisho kijana wa foleni akanigusa bega akisema, "Oya, zamu," nikatoka, giza likarudi, na hakuna aliyegeuka kuona aliyetoka ni nani. Nikapandisha kanga kichwani nikarudi nyumbani kwa njia ileile.

Bibi alikuwa amemaliza kuswali. Alikaa palepale juu ya mswala, lakini amegeuka, anautazama mlango wa uani. Tasbihi iko mapajani, haisogei. Taa ya ukumbini ilikuwa inawaka na nikamwona ghafla alivyo mdogo.

"Umetoka wapi?"

"Mtoni."

"Umejifunika?"

Nikaivuta kanga ikaribie paji la uso.

"Nani kakuona?"

Ningesema kweli, ningesema hakuna, angenishika mkono akanirudisha chumbani na habari ingeishia kati yetu wawili. Mlango ungefungwa. Jumanne ingepita, na jina langu shuleni lingefutwa. Nililiona lile jibu na lile jingine, yote mawili yako mdomoni. Mtoto wa miaka kumi na mitatu anajua uongo ni nini. Sikubali mtu akiniambia nilikuwa sijui.

"Wengi, bibi. Watu wote."

"Wanaume?"

"Na wanaume. Nilisimama kwenye taa. Wamenishangilia."

Akasema "Haya" kwa sauti ndogo kabisa, akauinua mkono wake mmoja na kujifunika macho, kana kwamba zile taa zilikuwa zinampiga yeye. Sikuwa nimewahi kumwona Bibi akilia na sina hakika kama alilia, maana hakutoa sauti. Mama aliporudi walizungumza mpaka nikasinzia. Mjomba alipigiwa simu akapiga kelele ambazo nilizisikia kupitia ukuta.

Nilitolewa Jumapili asubuhi. Bibi mwenyewe ndiye aliyeniogesha, kwa maji ya kawaida, akanivika gauni, akanifungulia mlango wa mbele. Hapakuwa na ngoma wala bega la kubebwa. Jua lilikuwa kali nikalia machozi, na wanawake wa mtaa walisimama vibarazani kwao wakinitazama mimi kisha wakimtazama yeye. "Nenda salama," akasema, akaniita kwa jina langu. Tangu siku ile hakuniita tena mke mwenzangu.

Nikaenda shule. Nikasoma, nikafaulu, nikasoma tena, na nilicho nacho leo chote kilianzia kwenye mlango ule. Likizo ya kwanza niliporudi hapakuwa na kuku aliyefungwa mguu uani. Likizo ya pili nikasikia ngoma ya kumtoa mwali kwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, na Bibi yuko jikoni anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka ngoma ikaisha, na zilikuwa ndizi nyingi kuliko tulizoweza kula. Wali wote wa mtaa walikuwa wamehamia kwa Bi Mwajuma, mwanamke ambaye zamani alikuwa anamtwangia Bibi dawa.

Nilijaribu kumwambia. Najua kila mtu anasema hivyo, lakini nilijaribu. Nikiwa chuo nilikaa naye kibarazani nikaanza, "Bibi, ile siku ya taa..." Akanigusa goti. "Achana nayo. Ulikuwa mtoto." Nikafurahi kuachiwa, nikanyamaza. Miaka ikapita nikiwa namletea kanga, sukari, miwani, na kila nikimkabidhi kitu nilihisi kile kingine kimebaki mkononi. Alifariki mwaka huu, usingizini, mkononi mwa mama.

Siku ya hitma wanawake tulikuwa chumba cha ndani, tumekaa mikekani, na Bi Mwajuma, aliyezeeka sasa na kubaki na jicho moja linaloona, akawa anamsifia marehemu. Akataja wali aliowalea mmoja mmoja. Akasema hakukuwa na kungwi kama yeye kutoka pale mpaka mlimani. "Zile taa tu," akamalizia, kwa huruma, bila kunitazama. "Zile taa ndizo zilizomponza."

Nikasimama. Sikupanga. Wanawake wakaniangalia wote, na safari hii kweli waliniangalia. Nikawaambia kwamba hakuna aliyeniona. Nikawaeleza duara, migongo ya watu, yule dada na simu yake, kwamba Bibi hakuharibikiwa na mwali hata mmoja, kwamba nilimdanganya nipate kwenda shule. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuweza kuishusha. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Bi Mwajuma alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akapangusa lile jicho lake zima kwa pindo la kanga.

"Sasa, mwanangu," akaniuliza, "unatuambia sisi ili twende tukamwambie nani?"